Mahafali ya Kurudi Nyuma

Si zamani sana wala si jana, katika nchi ambayo jina lake silitaji kwa kuwa wenyewe wameunda kamati ya kulitafutia jina zuri zaidi, kulikuwa na mama mmoja aliyeitwa Sikudhani, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, aliyetaka kusomea uuguzi. Wenye haraka watasema, sasa hilo nalo ni la kusimulia? Vuteni subira. Nchi yenyewe ni nzuri, watu wake wapole, na serikali yake haijawahi kufanya kosa tangu ilipopitisha sheria ya kulifuta neno hilo.

Sikudhani alikuwa na shahada tayari. Enzi za ujana wake serikali ilitangaza kwamba reli inakuja, na vijana wote wenye akili wakakusanywa wakapelekwa chuo kikuu kusomea Uendeshaji wa Reli. Reli ikachelewa kidogo. Lakini wasomi wake walikuwa wameshaiva, na haifai msomi kukaa bure, kwa hiyo Sikudhani akaajiriwa kuwa Afisa Ratiba wa stesheni ya Ndulele, mji mdogo alikozaliwa. Kila mwezi alitayarisha ratiba ya treni, akaigonga mhuri, akaibandika ukutani. Katika miaka yote hiyo hakuna treni hata moja iliyochelewa kufika Ndulele, na stesheni ikapewa kikombe cha ufanisi zaidi ya mara moja.

Angeweza kustaafia pale pale, na mshahara wake mdogo wa uhakika, kama si habari ya zahanati.

Zahanati ya Ndulele ilikuwa jengo la kupendeza. Kila waziri wa afya aliyeteuliwa alikuja kulifungua upya, na ukuta wa mbele ulikuwa umejaa mabamba ya ufunguzi hata dirisha moja likazibwa. Ndani mlikuwa na vitanda, mizani ya watoto, na Nesi Perpetua. Tukisema ukweli, Nesi Perpetua ndiye aliyekuwa zahanati. Hayo mengine ni matofali. Alizalisha, alichoma sindano, alishona waliojikata shambani, na mara mbili kwa wiki alisafisha kidonda cha mguu wa Bi Chiku, mama yake Sikudhani, ambaye sukari ilikuwa inamtesa. Sikudhani ndiye aliyemshikilia mama yake mpaka pale, akashika beseni, akatazama mikono ya Perpetua ikifanya kazi.

Na wauguzi wengine je? Walikuwepo, tena tele. Nchi ile inasifika kwa wauguzi, na inawauza nje kama inavyouza korosho. Waziri husimama bungeni kutangaza kwamba mauzo yamepanda, na waheshimiwa hupigapiga meza kwa furaha. Watoto wote wa Ndulele waliosomea kazi hiyo wako ughaibuni wanawageuza wazee wa watu vitandani, na nyumbani wanatuma picha za theluji.

Sasa Nesi Perpetua akafikia umri wa kustaafu, na wizara ikaleta tangazo. Zahanati itafungwa mwaka utakapokwisha, isipokuwa kama mwenyeji mmoja wa Ndulele atakuwa ameshaanza masomo ya shahada ya uuguzi. Hapo Perpetua ataongezewa mkataba mpaka huyo mwenyeji ahitimu. Kwa nini shahada? Kwa sababu ya Sera ya Ubora, ambayo chini yake hata kumshikia mtu kipimajoto kunahitaji shahada. Hospitali nyingine ilikuwa mbali, safari ya kutwa nzima kwenye basi, na kwa mguu ule Bi Chiku asingefika salama.

"Wewe Siku," Perpetua alimwambia siku moja akikamua kitambaa, "mbona usiende wewe?"

"Mimi? Dada, tazama mvi hizi."

"Mvi ndizo ninazozitaka. Mtoto akishasoma anapanda ndege. Wewe utapanda nini, na mama yako yuko hapa?"

Bi Chiku, mguu juu ya kigoda, akasema, "Nenda, mwanangu. Kichwa unacho."

Sikudhani alicheka, lakini neno lilikuwa limeshamwingia. Akaomba chuo, akapata nafasi. Ikabaki ada tu. Akaandika kwenye kundi la simu la ukoo, kwa heshima zote, akiomba msaada wa ndugu. Kundi zima likanyamaza siku nzima. Jioni binamu mmoja akatuma picha ya ua waridi yenye maneno ya kheri, shangazi akatuma viganja viwili vya kuomba dua, na Baba Mdogo Kibwana, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, akahitimisha: "Mwanangu, elimu haina mwisho. Hali ni ngumu lakini tunakuombea." Sikudhani akashukuru kwa maombi, akafunga safari kwenda mji mkuu kuiomba serikali.

*

Bodi ya Ufadhili wa Vichwa ina jengo refu la vioo. Alipokelewa na kijana mwenye adabu nyingi na tai fupi, Bwana Ludovick, Afisa wa Vichwa Vikongwe, kitengo kinachohudumia waombaji watu wazima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Jisikie uko nyumbani, mama yangu. Ofisi hii ni ya wananchi, sisi tumeazimwa tu." Akaingiza jina lake kwenye kompyuta, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Mama, mfumo unasema kichwa chako kimejaa."

"Kimejaa nini?"

"Shahada. Sera yetu ni kichwa kimoja, shahada moja. Hicho chako serikali ilishakijaza zamani. Tukimimina nyingine juu yake itamwagika, na itakuwa imemwagika hasara ya nani? Ya mlipakodi."

"Lakini mwanangu, ile ni ya reli. Na reli yenyewe haipo."

Bwana Ludovick alitazama mlango, kisha akashusha sauti. "Reli ipo, mama. Iko kwenye mpango. Tafadhali tusiisemee vibaya."

"Na Mwenyekiti wenu, Mheshimiwa Lumelezi? Si nasikia ana shahada kumi na mbili?"

"Hizo ni za heshima. Hazikusomewa, kwa hiyo hazikuchukua nafasi yoyote kichwani. Waliompima walikuta pako wazi kabisa."

Sikudhani akaukumbatia mkoba wake. Alikuwa amekuja na maneno mengi, na sasa hakuona pa kuyaweka. Kijana akamhurumia. "Ila mama, njia ipo."

Sikudhani akafungua mkoba.

"La, la, si hiyo. Funga mkoba, mama. Hiyo ni ghorofa ya tano. Namaanisha njia ya kisheria. Rudisha hiyo ya kwanza. Ukishairudisha unakuwa mtu asiye na shahada, na mtu asiye na shahada anayetaka kusomea uuguzi tunamlipia kila kitu. Ada, malazi, hata sare."

"Niilete kesho?"

"Haiji kwa mkono hivyo. Ulipewaje? Kwa mahafali. Basi na kurudi itarudi kwa mahafali. Joho, mkuu wa chuo, ndugu na jamaa, chakula. Bila sherehe haihesabiki. Gharama za sherehe ni zako mwenyewe, lakini watu wa nchi hii, mama yangu, kwa sherehe hawashindwi."

*

Hapo kijana alisema kweli tupu. Sikudhani aliporudi akagusia tu kwenye kundi la ukoo kwamba atakuwa na mahafali, na kabla chai haijapoa lilikuwa limeundwa kundi jipya, Kamati ya Mahafali ya Siku Wetu, mwenyekiti Baba Mdogo Kibwana. Ahadi zikaanza kumiminika. Aliyetuma waridi aliahidi mbuzi. Aliyetuma viganja vya dua aliahidi keki ya ghorofa tatu. Wako waliokopa ili wachange, kwa sababu orodha ya waliochanga ilibandikwa kila asubuhi, na hakuna aliyetaka kuonekana chini. Zikaundwa kamati ndogo za ukumbi, mapambo, vinywaji na usafiri, na wanawake wakachagua kitenge cha sare.

Walipokuja kugundua kwamba mahafali yenyewe ni ya kurudisha shahada, si ya kupewa, palikuwa na mjadala. Mzee mmoja akauliza kama jambo hilo lina baraka. Baba Mdogo akalimaliza kwa busara yake: mahafali ni mahafali, na ukumbi umeshalipiwa.

Katika kikao cha mwisho, nyumbani kwa Baba Mdogo, mhazini akasoma hesabu. Sikudhani alisikiliza mpaka mwisho. Akasimama.

"Baba Mdogo, naomba kusema. Fedha hizi zinatosha ada ya mwaka wa kwanza, na nyingine zinabaki. Tukiwa na ada hatuhitaji hata kurudisha chochote. Mwaka wa kwanza nikishaanza tu, zahanati haifungwi. Nawaombeni, ndugu zangu. Tunywe soda hapa hapa, tupige picha, hizi nyingine nikasome."

Walimtazama kama mtu aliyeomba kupika jeneza. Baba Mdogo akavua miwani taratibu.

"Mwanangu Sikudhani. Mchango wa sherehe ni wa sherehe. Watu wametoa wakijua watakuja kula na kucheza. Nikiuchukua nikakupa wewe, mimi nitaitwaje huko nje? Si mwizi?"

"Tutawaeleza, Baba Mdogo. Ni watu wetu hawa."

"Na mimi nimeshashona," akasema shangazi.

"Mpeni asome," Bi Chiku akasema kutoka pembeni, lakini alisema kwa sauti ya mgonjwa, na wakati huo walikuwa wanabishana kuhusu rangi ya vitambaa vya meza.

Sikudhani akakaa. Lililomuuma zaidi ni kwamba hapakuwa na mtu wa kumchukia mle ndani. Shangazi alikuwa ameuza mahindi yake ya akiba. Baba Mdogo alikuwa amezunguka juani na goti lake bovu akikusanya ahadi. Walimpenda kwa dhati, na mapenzi yao yalikuwa yameshapangiwa matumizi.

*

Mahafali yalifana. Kwa kuwa yalikuwa ya kurudi nyuma, ratiba ilisomwa kutoka chini kwenda juu. Walianza kwa sala ya kufunga, likafuata neno la shukrani, wakala, na mwishoni kabisa ndipo mshereheshaji alipowakaribisha wageni. Sikudhani aliingia kinyumenyume, amevaa joho la kukodi, akishikwa mikono na binamu wawili asije akajikwaa. Akina mama walikuwa wameshauriana juu ya vigelegele, wakaamua kwamba safari hii wavipige kwa kuvuta pumzi ndani. Ukumbi mzima ukapaliwa, na maji yakaagizwa kwa haraka. Walioleta mataji ya maua ya plastiki walimvisha kwanza, kisha wakapanga foleni kumvua, mmoja mmoja, kila mmoja na picha yake.

Mheshimiwa Lumelezi, ambaye mbali na Bodi ndiye Mkuu wa Vyuo Vyote, alitoa hotuba.

"Ndugu wananchi! Mataifa mengine yanajivunia watu wanaosoma. Taifa gani, nauliza, taifa gani limethubutu kujivunia mtu anayerudisha? Leo tumepiga hatua kubwa, na tumeipiga kuelekea tulikotoka, ambako njia tunaijua! Mama huyu ni mfano. Laiti kila msomi angeturudishia elimu yetu, leo hii tungekuwa na akiba ya elimu isiyotumika kwa miaka hamsini!"

Watu wakapiga makofi. Mheshimiwa akashuka, akamshika Sikudhani begani, akatamka, "Kwa mamlaka niliyopewa, nakuvua."

Sikudhani alikuwa amejiambia haitamuuma. Ilikuwa shahada ya treni zisizokuwepo. Ya nini kuililia? Lakini joho lilipotoka mabegani alimkumbuka marehemu baba yake siku ile ya kwanza, amevaa viatu vya kuazima, analia waziwazi mbele za watu kwa sababu mtoto wake amesoma. Akaona aibu kubwa, akataka kujificha, na hapakuwa na pa kujificha kwa kuwa muziki ulikuwa umeanza na wote walikuwa wanamzunguka wakicheza.

Kesho yake stesheni ikamwachisha kazi, kwa maana ratiba haiwezi kutayarishwa na mtu asiye na shahada. Treni ziliendelea kama kawaida.

*

"Hongera sana kwa kuvuliwa, mama," alisema Bwana Ludovick, naye alifurahi kweli. "Sasa tumebakiza hatua ndogo tu. Mtihani wa Kupima Utupu."

"Utupu wa nini tena?"

"Wa kichwa. Karatasi umerudisha, lakini Bodi lazima ijiridhishe kwamba na maarifa yametoka. Mtihani wenyewe ni wa mambo ya reli. Atakayepata sufuri ndiye aliyefaulu. Ukipata hata alama moja, basi kuna kitu bado kimebaki mle ndani."

Sikudhani hakuwahi kufeli mtihani maishani mwake, lakini mwaka ulikuwa ukingoni, akajikaza. Aliingia chumbani akiwa na kalamu mbili na nia moja. Walipouliza upana wa njia ya reli, aliandika unategemea unene wa abiria. Walipouliza maana ya taa nyekundu, aliandika ni dalili ya harusi. Kila alipoona jibu sahihi linamjia alilikimbia, akaandika upuuzi, na mkono wake ukamkataa kama mkono wa mtu anayelazimishwa kuiba.

Swali la mwisho lilikuwa hili: Treni isipofika, abiria afanye nini?

Jibu alilijua, ndilo alilofundishwa, na ndilo aliloliandika chini ya kila ratiba kwa miaka yote: asubiri. Kwa hiyo hakuliandika. Alifikiri kidogo, akaandika, "Aende kwa miguu."

Matokeo yalitoka siku hiyo hiyo. Bwana Ludovick aliyaleta mwenyewe, na hakuweza kumtazama usoni.

"Mama, umepata moja."

"Haiwezekani. Lipi?"

"La mwisho. Hadi mwezi uliopita jibu lilikuwa kusubiri. Umetoka waraka mpya. Sasa hivi msimamo wa serikali ni kwamba abiria aende kwa miguu."

Sikudhani aliivuta karatasi akaisoma mwenyewe. "Mwanangu, sikujua. Nilikosea makusudi."

"Naamini, mama. Lakini umekosea kwa usahihi. Kichwa bado kina kitu. Utarudia mwakani."

"Mwakani zahanati itakuwa imefungwa. Mama yangu ana kidonda." Akajifuta machozi kwa kiganja. "Basi nirudishieni ile ya reli. Nirudi kazini angalau, nipate nauli ya kumpeleka hospitali."

Kijana alitafuta kwenye kanuni kwa muda mrefu, ukurasa kwa ukurasa, na mtu angeona kwamba alitamani kukipata kifungu. "Mama, ya kwanza ulishapewa. Ukipewa tena, hiyo itahesabika ni shahada ya pili." Alitoa leso yake, akampa, na yeye mwenyewe akajifuta macho kwa tai. "Bibi yangu naye yuko kijijini hivyo hivyo, hakuna nesi. Pole sana, mama yangu." Kisha akanyoosha shingo mlangoni akaita anayefuata, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na wengi walikuwa wamekuja kinyumenyume.

*

Zahanati ya Ndulele ilifungwa kwa amani. Afisa kutoka wizarani alieleza kwamba haikufungwa, bali imepumzishwa, na akaweka kufuli jipya linalong'aa. Nesi Perpetua aliomba abaki afanye kazi bila mshahara. Akaambiwa kujitolea kwa mstaafu ni kosa la jinai, maana kunaharibu takwimu za upungufu. Mwanawe akaja kumchukua. Kabla ya kuondoka alimwachia Sikudhani mfuko wa bandeji na chupa ya dawa ya kusafishia, akamwonyesha tena namna ya kuzungusha kitambaa, kisigino kwanza.

"Kufunga utaweza," alimwambia. "Kufunga kila mtu anaweza. Kazi ni kujua unachokiona kabla ya kufunga." Akataka kuongeza jambo, lakini gari lilikuwa linapiga honi.

Alhamisi ilipofika, siku ya kusafisha kidonda, Sikudhani alimketisha mama yake uani, penye mwanga mzuri, akanawa mikono mara mbili kama alivyoona Perpetua akifanya. Akaifungua bandeji polepole. Bi Chiku alitazama pembeni. Hakupenda kuutazama mguu wake.

Karibu na kidole kidogo ngozi ilikuwa imebadilika rangi. Wiki iliyopita haikuwa hivyo. Sikudhani akainama, akaitazama kwa karibu, akaigusa kwa ncha ya kidole. Huenda ni ngozi mpya inaota. Huenda ni nyama inaoza. Kuna mtu angetazama mara moja tu akajua ni lipi kati ya hayo mawili, na mtu huyo hakuwa yeye.

"Vipi?" Bi Chiku akauliza. "Kinapona?"

"Kinapona, mama," alisema Sikudhani, akachukua bandeji safi, akaanza kufunga.